Yaya, kamera gani itaziona sura za watoto wangu jioni?

Yaya mpendwa, mkubwa wetu wa kutushauri,

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa kwetu Lubumbashi. Ni mama wa watoto watatu, nashona nguo nyumbani, na mume wangu anafanya kazi Kipushi, anarudi mwisho wa juma. Jambo langu labda wengine wataliona dogo, lakini limenikosesha usingizi.

Mwezi wa tano tulimzika mama yangu. Siku za matanga watu walitaka picha yake ya kuweka mezani, karibu na maua na daftari la rambirambi. Picha zake zote zilikuwa kwenye simu yangu, na simu hiyo iliibwa sokoni, pale mtaa wa Kenya hapa mjini, mwezi mmoja kabla ya kifo chake. Miaka sita ya picha ilikwenda siku moja. Mwishowe tulichukua kadi yake ya uchaguzi, kijana mmoja akaipiga picha na kuikuza. Ilitoka ukungu mtupu. Watu walipita mbele yake wakainamisha vichwa, nami nimekaa pale chini kwenye mkeka nikijua kwamba yule siye mama. Picha pekee ya karatasi iliyobaki iko Likasi kwa mdogo wangu: mama akiwa msichana, studioni, amesimama mbele ya pazia lililochorwa maua.

Tangu siku ile nimeamua kununua kamera, kitu cha picha na picha tu. Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana pesa, imefika na nimeweka kando dola 150. Nataka kamera ya kila siku: watoto wakila, wakifanya kazi za shule, Jumapili tukitoka kanisani, baba mkwe akitutembelea, na nguo ninazoshona kabla mwenyewe hajazichukua. Mengi ya hayo hutokea jioni, sebuleni, chini ya balbu moja, na umeme ukikatika inabaki taa ya kuchaji.

Nimeonyeshwa kamera tatu. Kwenye duka moja mjini kuna mpya, ndani ya boksi, jina lake silijui, imeandikwa megapikseli 48 na 4K, dola 90. Ndugu mmoja wa kanisani anauza Canon EOS 1200D iliyotumika, ya megapikseli 18, pamoja na lenzi yake ya 18-55; anataka 170. Ni kubwa na ina vitufe vingi, naiogopa kidogo. Halafu kijana anayeuza vitu vya kutoka Dubai ana Canon Ixus ndogo, nayo imetumika, dola 60. Mtoto wa dada yangu anasema zote ni kupoteza pesa, niongeze kidogo ninunue simu nzuri. Mume wangu ameniambia nifanye ninavyoona, ila nisije nikalia tena.

Kwa hesabu yangu, 48 inazidi 18, tena ile ni mpya na bei yake ni ya chini. Mbona basi moyo wangu unasita?

Mama wa Katuba

*

Mama wa Katuba,

Pole sana kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye kadi ya uchaguzi. Picha kama hiyo nimeiona kwenye matanga mengi hapa mjini: uso uliokuzwa kutoka kipande kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, na familia nzima inaukodolea macho kumtafuta mtu wao. Kwa hiyo usiite jambo lako dogo.

Nikupe jibu kwanza. Ile ya boksi iache. Nenda kwa ndugu wa kanisani, mtajie dola 130, na mkifika 140 pamoja na chaja, ichukue, ikiwa itapita majaribio nitakayokueleza hapa chini. Isipopita, chukua Ixus, lakini ujue unanunua nini. Simu tutaizungumza pia, maana mtoto wa dada yako hajakosea kila kitu.

Moyo wako umesita kwa sababu, na sababu yenyewe ni hii. Ile namba 48 kwenye boksi, kwa kamera za namna hiyo zisizo na jina, mara nyingi haitoki kwenye kamera yenyewe. Nyuma ya lenzi ya kila kamera ya dijitali kuna kihisi, kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha, na kihisi cha kamera hizo kina nukta chache kuliko inavyotangazwa. Programu iliyo ndani ndiyo inayobuni nukta za kati ili kufikisha idadi iliyoandikwa. Ni kama kuwa na unga wa mtu mmoja halafu unaongeza maji ili upate bukari ya watu watatu. Sufuria itajaa, lakini utakachopakua ni uji. Ukirudi pale dukani, omba uiwashe na uvute zumu huku ukiitazama lenzi kwa mbele. Ikiwa lenzi haisogei hata kidogo, basi hiyo si zumu, ni kukata tu katikati ya picha na kuikuza, kama yule kijana alivyofanya na kadi ya mama. Angalia na flashi: ikiwa ni taa ndogo inayowaka tu kama tochi ya simu, haitafika hata upande wa pili wa meza.

Na hata kama zingekuwa 48 za kweli, ungezifanyia nini? Picha ya sentimita 10 kwa 15, ile tunayoitoa labo na kuiweka kwenye albamu, inatosheka vizuri kabisa na megapikseli 2. Ukitaka ukubwa wa karatasi ya A4, wa kutundika ukutani, ni karibu 9. Zile 18 za 1200D zinakubakizia nafasi. Kwa miaka mingi wauzaji wametufundisha kuuliza megapikseli ngapi, nami naona ndilo swali lililowapotezea watu pesa nyingi kuliko jingine lolote katika habari ya kamera.

Swali lako wewe umeliandika mwenyewe bila kujua: jioni, sebuleni, balbu moja. Pale ndipo kamera yako itakapofanya kazi, basi ichaguliwe kwa pale. Mchana nje, pale uwanjani kanisani, jua la Katanga linazisaidia kamera zote na hata mbovu inatoa picha nzuri. Zinatofautiana giza linapoingia.

Kihisi cha Ixus kina upana wa kama milimita 6 na kimo cha milimita 4 na nusu. Cha 1200D ni milimita 22 kwa karibu 15. Wewe unapima vitambaa kila siku, zidisha mwenyewe: eneo lake ni kama mara 12. Mwanga ni ule ule mdogo wa balbu, lakini kitambaa kinachoupokea ni kikubwa mara 12. Ndiyo maana picha ya jioni ya kamera ndogo inatoka na chengachenga, ngozi ya mtoto inakuwa kama imenyunyiziwa mchanga, na ile kubwa inatoa shavu la mtoto likiwa shavu.

Kuna na tundu la lenzi, pale mwanga unapopitia. Kwenye cherehani yako namba ya sindano ikipanda sindano hunenepa, ile ya 14 ni nene kuliko ya 11. Kwenye lenzi ni kinyume: utaona imeandikwa 3.5-5.6, na namba ikipanda tundu hupungua. Lenzi hiyo ya 18-55 inakuwa na tundu la 3.5 ikiwa kwenye 18, bila kuvuta. Ukiivuta hadi 55 tundu linabaki 5.6, na mwanga unaoingia unapungua mara mbili na nusu. Kwa hiyo ndani ya nyumba usivute. Iache kwenye 18 au karibu na hapo, umsogelee mtoto kwa miguu yako. Jambo hili moja litakuokolea picha nyingi, na halina gharama.

Sasa nikuambie kitu ambacho hakiandikwi kwenye boksi lolote, nacho ndicho kilichonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine. Nilipopata kamera yangu ya kwanza ya dijitali, nilipiga harusi ya mdogo wangu wa kike. Gauni jeupe, ukuta mweupe wa ukumbi, watu wetu wote wamependeza. Kwenye kioo kidogo cha nyuma kila kitu kilionekana sawa. Nilipozitoa kwenye karatasi, gauni lilikuwa linang'aa kila ushanga, na uso wa mdogo wangu ulikuwa kivuli. Mama aliishika ile picha, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kwa upole, "Huyu analia au anacheka?" Sikuwa na jibu. Harusi hairudiwi.

Kamera haikuwa mbovu. Kamera zote, za bei kubwa na ndogo, hupima mwanga kwa kudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinakuwa rangi ya kijivu ya kati. Ikiona gauni jeupe na ukuta mweupe, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi aliye katikati ya ule weupe. Enzi za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi: maabara zilirekebisha rangi kwa kulinganisha na kadi ya picha ya mwanamke mzungu, waliyoiita Shirley, na ngozi zetu zilitoka zinavyotoka. Leo dawa iko mkononi mwako. Kila kamera inayostahili pesa yako ina alama ya + na −. Watoto wako wanavaa shati jeupe la shule na sketi au suruali ya buluu. Hilo ni gauni la harusi kila siku. Kwenye 1200D, kile kitufe cha juu cha kuzungusha kiweke kwenye herufi P, kitoe kwenye ile ya kijani, kwa kuwa kwenye kijani kamera inajiamulia kila kitu. Kisha shikilia kitufe kilichoandikwa Av chenye + na −, na kwa kidole cha shahada zungusha gurudumu dogo la juu mpaka alama isogee hadi 1 upande wa +. Shati litang'aa kidogo kupita kiasi. Uso utaonekana, na uso ndio ulioukosa kwenye matanga.

Basi twende kwenye majaribio. Usiende kuitazama saa sita ya mchana. Nenda jioni, jua linapoelekea kuzama, na nenda na mtoto wako mmoja akiwa bado kwenye sare. Chukua kadi yako mwenyewe ya kuhifadhia picha, aina ya SD, ya GB 16, mpya. Mwombe ndugu akuruhusu mwingie ndani. Mkalishe mtoto chini ya taa yao, piga picha tano au sita, kwanza bila +, halafu na + ya 1, bila flashi, kisha na flashi. Usiziamulie pale pale kwenye kile kioo kidogo. Kioo hicho ndicho kilichonidanganya mimi. Rudi na kadi yako nyumbani, mwombe yule mtoto wa dada azifungue kwenye kompyuta au kwenye simu, mzikuze hadi kwenye macho ya mtoto. Ukiona kope, ni nzuri. Mtu mwaminifu hatakataa ulale na uamuzi wako usiku mmoja.

Ukiwa pale pale, toa lenzi, ielekeze kwenye taa na uchungulie ndani yake. Vumbi kidogo si kitu. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, huo ni ukungu unaoota ndani ya lenzi zilizofungiwa kwenye mifuko yenye unyevu wakati wa masika. Huo unaendelea kukua, na kuusafisha kunagharimu kuliko lenzi yenyewe, basi usiichukue. Zungusha pete ya lenzi taratibu ukiwa kimya: ukisikia mchanga unasaga, ni vumbi letu jekundu limeingia. Rudisha lenzi, piga ukuta mweupe mara mbili ukiwa umesimama sehemu mbili tofauti, na tundu liwe 16. Madoa meusi yanayobaki mahali pale pale katika picha zote mbili yako juu ya kihisi. Madoa yanasafishika, ila ni sababu nzuri ya kuteremsha bei. Fungua mlango wa betri uone kama kuna kutu ya kijani. Bonyeza kila kitufe. Neno Err likitokea kwenye kioo zaidi ya mara moja, shukuru na uondoke.

Muulize pia, kwa heshima, ilifanya kazi gani. Kamera iliyokaa miaka kwa mpiga picha wa pasipoti na harusi imefunguka na kufunga mara nyingi mno, na kile kipazia chake cha ndani, kinachofunguka kila ukipiga picha, huchoka kama chemchemi ya kitanda. Iliyokuwa ya baba wa familia, ya Krismasi na ubatizo, bado ni mbichi hata kama mfuko wake umechakaa. Huyu ni ndugu yako wa kanisani, atakuambia kweli.

Unasema unaiogopa kwa ukubwa wake. Ikiwa na lenzi ina kama gramu 700, pungufu ya kilo moja ya sukari, nayo itakaa kwenye mfuko wako wa kanisani. Ukubwa huo pia unakupa vitu: kile kidirisha cha kuchungulia kwa jicho, ambacho kinaona hata jua likiwa kali kiasi kwamba kioo cha simu hakisomeki; na betri inayotoa picha mia kadhaa kwa chaji moja. Pale kwenu umeme unapokwenda siku mbili, utajua thamani yake. Vitufe vingi utavizoea. Kwa miezi mitatu ya kwanza unahitaji P, ile + na −, na kitufe cha kupigia.

Ixus sasa. Si kamera mbaya. Mwaka 2010 watengenezaji wa Japani walipeleka sokoni zaidi ya kamera milioni 120 za dijitali, nyingi zikiwa ndogo za namna hii. Mwaka 2023 hawakufikisha hata milioni 8, kwa kuwa simu zimezila. Ndiyo maana zilizotumika zimejaa. Ila siku hizi vijana wa nchi nyingi wamezirudia kwa mtindo, na bei zake zimeanza kupanda bila sababu ya maana. Kwa 60 ni sawa. Akikuambia 100, mwachie. Ina lenzi inayovuta kweli, ina flashi ya kweli inayofika mita tatu hivi, inaingia kwenye mfuko wa aproni. Mchana itakufurahisha. Jioni utategemea flashi, na sura zitatoka bapa, paji la uso linang'aa. Adui yake mkubwa hapa kwetu ni kiangazi: kile kibomba cha lenzi kinachotoka na kuingia hubeba vumbi ndani, mchanga unakwama, na siku moja kinabaki nje, hakirudi. Ukienda nayo, ifunge kwenye kimfuko cha nailoni ndani ya mfuko wake. Hakikisha pia menyu ina Kifaransa. Baadhi ya zinazotoka moja kwa moja Japani hazina Kifaransa. Na uiombe kadi yake uione: ichukue inayotumia SD ya kawaida, maana zile kadi za zamani za aina nyingine hutazipata hapa mjini kwa urahisi.

Kijana wako na simu yake. Kweli, simu mpya nzuri hupiga picha kadhaa kwa mpigo mmoja na kuziunganisha, na usiku inaweza kuishinda Ixus. Kwa video itaishinda hata 1200D, ambayo ikirekodi mtoto anayekimbia inapotea na kushindwa kulenga. Lakini simu ya aina anayoizungumzia haipatikani kwa dola 150, na ile ya 150 haitakupa jioni unayoitaka. Kuna na jambo ambalo yeye, kwa umri wake, bado halijampata: simu ndicho kitu cha kwanza mwizi anachokitafuta mfukoni mwako, na wewe ulishaweka mama yako yote mle. Tumia simu kwa video na kwa kutuma. Kamera ikae nyumbani, juu ya kabati, chaji yake imejaa, mahali ambapo mtoto mkubwa naye anaweza kuifikia. Mfundishe huyo. Vinginevyo wewe, mama, hutaonekana kwenye picha hata moja, na kwenye nyumba nyingi ndivyo inavyokuwa.

Ukilipa 130 au 140, kiasi kinachobaki kitoshe kadi ya pili na kile kifaa kidogo cha kusomea kadi kinachochomekwa kwenye simu, kwa sababu 1200D haina njia ya kutuma picha hewani. Kadi nunua ya GB 16 au 32, usivutwe na ya 256 kwa bei ya peremende. Nyingi ni za uongo, zinajaza picha juu ya nyingine na huambiwi. Kila mwisho wa mwezi toa picha kumi labo, kwenye karatasi. Kumi tu. Sammy Baloji, mwana wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1978, alitembea kwenye mabaki ya viwanda vya Gécamines, kampuni ya madini, akiyapiga picha ili yasisahaulike, na jumuiya aliyoianzisha na wenzake, iliyozaa tamasha la Biennale ya Lubumbashi mwaka 2008, waliiita kwa neno letu wenyewe, Picha. Mji wetu unajua karatasi ina kazi gani.

Baadaye sana, likelemba ikirudi tena kwako, kuna lenzi moja ndogo ya Canon ya 50 yenye tundu la 1.8, ambayo iliyotumika haina bei ya kutisha. Haivuti, lakini kwenye 50 inaingiza mwanga karibu mara kumi kuliko hiyo yako ikivutwa mpaka mwisho. Kwa nguo unazoshona itakutosha kabisa, na kwa uso wa mtoto karibu na taa ya kuchaji sijui kitu kingine cha bei hiyo kinachoikaribia. Usiiharakishe. Kwanza umalize mwaka na hii.

Usifute lenzi kwa pindo la kitenge, hata likiwa safi. Chembe za vumbi hukwaruza kioo. Puliza kwanza kwa kile kipira cha hewa, kisha kitambaa laini cha miwani. Usibadilishe wala kutoa lenzi ukiwa barabarani mwezi wa saba.

Na safari ya kwanza ya hiyo kamera, kabla ya kanisani na kabla ya nguo, iwe Likasi. Mwombe mdogo wako aitoe ile picha ya mama kwenye fremu, kama imewekwa kwenye fremu, kwa sababu kioo kitarudisha mwanga. Ilaze juu ya meza karibu na dirisha, upande usioingia jua moja kwa moja, rido jeupe likiwa limefungwa ili mwanga uwe laini. Zima flashi. Panda juu ya kiti, shika kamera ikitazama chini sawasawa juu ya picha, pembe nne za karatasi zionekane sawa kwenye kidirisha. Ikiinama, mama atatoka ameinama. Lenzi usiiweke kwenye 18, hapo mistari hupinda pembeni. Ivute hadi 35 au zaidi, kwa kuwa karatasi haikimbii. Kwenye mipangilio kuna saa ya kuhesabu sekunde 2. Itumie, kamera ikiwa imeegemezwa vizuri, ili kidole chako kisiitikise. Piga moja kama ilivyo, moja na + ya 1, moja na − ya 1. Kisha piga uso wake peke yake, karibu kadiri kamera inavyokubali kulenga. Geuza na upande wa nyuma. Studio za zamani zilikuwa na mhuri na mara nyingine mwaka. Picha hizo ziweke kwenye kadi zote mbili. Moja rudi nayo Katuba. Nyingine muachie mdogo wako, ndani ya bahasha moja pamoja na ile picha ya karatasi.